Epson L805 kwa picha za nyeusi na nyeupe: inaweza, lakini si kwa kubonyeza tu

Printa ya Epson L805 inaweza kutoa picha ya nyeusi na nyeupe ya kutundikwa sebuleni, mgeni akasimama kuitazama. Hiyo ndiyo habari njema. Lakini ukiitoa kwenye boksi, ukatia ile karatasi ya glosi, inayong'aa, inayouzwa kila duka la vifaa vya ofisi, ukabonyeza, utapata picha ya babu wa kijani. Wengi huishia hapo kwenye babu wa kijani, wakaitukana printa na kurudi kwenye kupeleka picha maabara.

Mimi natengeneza picha kuukuu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Mtu ananiletea picha iliyoliwa na ukungu, au iliyokunjwa ikapasuka katikati, au iliyogandana na kioo cha fremu hata uso ukabaki kiooni. Naipitisha kwenye skana, naisafisha kwenye kompyuta, naichapisha upya. Nyingi ni za miaka ya 1950 na 1960, na baadhi zina muhuri wa studio ya Parekh nyuma. Mtu wa Mombasa anajua maana yake. N. V. Parekh alikuwa fundi wa mwanga. Weusi wake mzito, weupe wake safi, na katikati kijivu za kila daraja hadi shavu unaliona lina nyama. Sasa mteja akiiweka nakala yangu kando ya ile ya asili, sishindani na kijana wa saiba ya jirani. Nashindana na Parekh, na yeye alikuwa na chumba cha giza, karatasi yenye madini ya fedha ndani yake, na subira.

Yangu niliinunua mkono wa pili, shilingi 24,000, kwa mtu aliyekuwa akichapishia vitambulisho vya shule. Mjini hapa hiyo ndiyo kazi yake kubwa: printa ina trei ya kuchapishia CD, na vijana wanaweka mahali pake trei nyingine inayobeba kadi za plastiki. Haina skana, hainakili, inachapisha tu, na mwisho wake ni A4. Ubavuni ina matangi sita: nyeusi, sayani (buluu ya kijani), majenta (waridi iliyokoza), njano, sayani hafifu na majenta hafifu. Wino unamiminwa kutoka chupa za mililita 70. Kichwa chake cha kuchapishia hakichemshi wino. Kinausukuma kwa vipande vidogo vinavyopinda umeme ukipita, na tone lake dogo kabisa ni pikolita 1.5. Tone hilo ndilo lililonifanya niitake. Kwa macho ya kawaida nukta huzioni. Mimi natumia lenzi ya sonara, na hata kwa lenzi lazima uzitafute.

Sasa zirudie zile rangi sita uone kinachokosekana. Hakuna kijivu. Printa za watu wenye pesa, kama Epson SureColor P700, zina wino za kijivu za viwango mbalimbali, na zina mpangilio maalumu wa nyeusi na nyeupe ndani ya draiva, ile programu ya kompyuta inayoiendesha printa. L805 ikitaka kuchora shavu la kijivu hafifu ina njia mbili tu. Ama itawanye nukta nyeusi chache kwenye weupe, ama ichanganye sayani hafifu, majenta hafifu na njano mpaka rangi zifutane. Njia ya kwanza haiegemei rangi yoyote sana, ila sehemu nyeupe za picha huwa na chembechembe: kanzu nyeupe inakuwa imepigwa vumbi. Njia ya pili ni laini, inapendeza, lakini rangi moja ikizidi kidogo tu kijivu kinaegemea, leo kijani, kesho zambarau. Na kile kisanduku cha kijivu kwenye draiva kisikutie moyo sana. Iambie printa kwamba karatasi ni ya picha, tia tiki hapo, chapisha, halafu chukua lenzi. Nukta za rangi zimo. Ukiiambia ni karatasi ya kawaida zinapungua na nyeusi inatawala, lakini na ule ulaini unaondoka nazo.

Kuna jambo baya zaidi ya kuegemea, nalo ni kuegemea kunakobadilika na taa. Bibi mmoja wa Kibokoni alichukua picha ya baba yake kwangu mchana, karibu na mlango, akaridhika kabisa. Siku ya pili akarudi nayo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hapa kwako alikuwa mzima. Nimefika naye nyumbani usiku, amekuwa kijani. Umempaka majani?"

Nikaiweka chini ya taa ya LED ya dukani, nikaona anachosema. Picha ile ile, karatasi ile ile. Kijivu kilichojengwa kwa rangi tatu kinasimama sawa chini ya jua kwa sababu jua lina kila rangi ya mwanga kwa wingi. Taa ya LED ya bei ya chini haina; ina buluu nyingi, nyekundu kidogo, na rangi zile tatu hazifutani tena kama zilivyofutana mchana. Hakuna printa ya rangi sita itakayokuepusha na hili moja kwa moja. Unaweza tu kulipunguza, na kulielekeza upande ambao macho hayaudhiki.

Upande huo ni joto. Ndiyo shauri langu kubwa katika haya yote. Usiitafutie L805 kijivu kisichoegemea popote, maana utakesha. Iegemeze wewe mwenyewe, kwa makusudi, kwenye kahawia kidogo sana, kiasi ambacho mtu hatasema "picha ya kahawia" ila ataona tu kwamba ni picha ya zamani. Taa ikija ikaivuta kuelekea kijani, inaivuta kutoka kwenye joto hadi katikati, haifiki kijani. Na picha za studio za zamani nyingi zimekwisha kupata ujoto huo kwa umri wake, kwa hiyo mteja anaona kitu anachokijua.

Namna ninavyofanya ni hii. Kwanza natengeneza ngazi ya kijivu: vyumba 21 kutoka weusi mtupu hadi weupe mtupu, kwenye GIMP, ambayo ni programu ya bure. Naichapisha kwenye karatasi ile ile nitakayotumia. Faili naliacha katika hali ya rangi, silibadilishi kuwa la kijivu, ili niweze kulitia joto. Kwenye draiva nachagua ubora wa juu, naondoa uchapishaji wa kasi ambao kichwa kinapiga wino kikienda na kikirudi, na nazima marekebisho ya picha ya kujifanyia yenyewe, yale yanayodhani kila uso unahitaji kung'arishwa. Halafu naiacha ikauke hadi asubuhi. Hili watu hawalitaki, lakini wino wa kuyeyuka, ambao rangi yake imeyeyushwa ndani ya maji kama huu wa L805, hubadilika rangi unapokauka, na ukiihukumu ngazi ikiwa mbichi utarekebisha tatizo ambalo asubuhi halitakuwepo.

Asubuhi naitazama dirishani, kivulini, kisha chini ya LED. Jambo la kwanza ni vyumba vya giza: kwenye karatasi ya mati, isiyong'aa, vile vinne au vitano vyeusi zaidi huwa vimemezana kuwa kimoja. Naenda kwenye mstari wa kurekebisha toni (Curves), nainua sehemu ya chini taratibu mpaka vitengane. Hapa ndipo buibui la mtu linapopata mikunjo yake. Bila hivyo ni doa jeusi lenye uso juu. Kisha rangi: nyekundu juu kidogo katikati ya mstari, buluu chini kidogo. Asiyetaka GIMP anaweza kutumia draiva yenyewe, ina vishikio vya sayani, majenta na njano; apunguze sayani hatua moja moja. Si sahihi kama mstari, kwa sababu vinasogeza picha nzima kwa pamoja, vivuli na nyeupe zote, lakini kwa picha ndogo ya pasipoti yatosha. Mpangilio ukishakubali, nauhifadhi kwa jina la karatasi. Kila karatasi na mpangilio wake. Pakiti ya chapa nyingine, hata ikiandikwa uzito ule ule, naanza upya.

Na hilo linanileta kwenye karatasi, ambako ndiko pesa zako ziende.

Glosi ina sifa moja ya kweli: weusi wake ni mzito kuliko wa mati, na hakuna ufundi wa kompyuta utakaoondoa tofauti hiyo. Kwa picha ya harusi ya rangi sina neno, nawapa glosi. Lakini kwa nyeusi na nyeupe, glosi ya bei rahisi inakutoza vingine. Rangi zinang'aa, kwa hiyo kuegemea kote kunaonekana. Kila kidole kinaacha alama. Taa ya dari inajitazama ndani yake. Na nyingi zimetiwa kemikali za kung'arisha weupe, zile zinazogeuza mwanga wa jua kuwa buluu, basi karatasi inaonekana nyeupe kama shati la tangazo la sabuni, na uso wa mtu juu yake unaonekana wa maiti. Kemikali zile zikichoka na miaka, weupe unageuka manjano.

Mimi nimetua kwenye mati nzito. Ile ya Epson ya gramu 167, pakiti ya A4 karatasi 50, ndiyo ninayoitumia kila siku. Imepakwa upande mmoja na uso wake unapokea tone bila kulisambaza. Ile nyembamba ya gramu 108 inayopatikana kirahisi zaidi nimeiacha, kwa sababu picha yenye weusi mwingi huilowesha ikajikunja kama papadi, na kichwa kikipita juu yake kinaichafua. Kama umesahau upande uliopakwa ni upi, lowesha kidole kwa mate, bana pembe ya karatasi: upande unaonata ndio wa kuchapishia.

Mpiga picha mmoja mgeni alinigawia karatasi chache za Hahnemühle Photo Rag, za Ujerumani, pamba tupu, gramu 308. Nilizitia moja moja kwa nyuma, nikiisukuma kwa mkono kidogo mwanzoni maana magurudumu yalikuwa yanateleza. Nikachapisha bwana harusi wa zamani mwenye joho na jambia. Jamani. Nyuzi za joho unataka kuzipapasa. Printa ya shilingi 24,000 ilifanya hivyo. Karatasi moja ya namna hiyo ni ghali kuliko ninachomtoza mteja kwa kazi nzima, kwa hiyo huyo bwana harusi yuko ukutani kwangu kama kielelezo, na siku mtu akitaka yake, bei ataambiwa mapema.

Kidogo kuhusu vipimo. Nachapisha kwa nukta 360 kwa inchi, kwa hiyo picha ya inchi 8 kwa 10 inataka pikseli 2,880 kwa 3,600, na skana yoyote ya mezani inazifikia hizo kutoka kwenye picha ndogo ikiwa picha yenyewe ni kali. Pambizo nyeupe naacha pande zote. Ile ya kujaza karatasi bila pambizo huikuza picha kidogo ili imwagike nje ya ukingo, na mimi sipendi printa inikatie viatu vya mtu.

Uhai wa picha. Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu wateja huuliza kama itadumu kama ile ya babu. Hapana. Wino wa L805 ni wa kuyeyuka, si wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka), na wino wa kuyeyuka una maadui wawili, mwanga na hewa. Picha ya rangi ikichujuka, inachujuka tu. Ya nyeusi na nyeupe iliyojengwa kwa rangi ikichujuka inageuka rangi, kwa sababu wino zote hazichoki kwa mwendo mmoja. Ikitangulia moja, zile zilizobaki zinajitokeza. Kwa hiyo kwangu picha haitoki bila kuambiwa: fremu yenye kioo, pambizo ya kadi katikati ili isiguse kioo, na ukuta usiopigwa na jua. Na faili nampa mteja kwenye flashi, ili ikichoka ichapishwe nyingine.

Wino wa bandia usinunue. Najua chupa halisi ni elfu moja na mia kadhaa na ile ya mtaani ni robo yake, na kwa kitambulisho cha shule hakuna atakayeona. Kwa kijivu utaona siku hiyo hiyo: mipangilio yote niliyoitaja inakuwa haina maana, kwa sababu sayani hafifu ya chupa ile si sayani hafifu ya chupa iliyopita. Nimeletewa picha za kazi ya namna hiyo ambazo mwaka haukuisha, na bibi harusi amekuwa waridi mzima, hadi meno.

Wako walioliondoa tatizo lote kwa shoka. Marekani kuna Paul Roark, aliyechanganya wino wa kaboni wa kutiwa kwenye Epson 1400, printa ya nyumbani yenye njia sita za wino kama hii yangu: nafasi zote sita zinashika nyeusi na kijivu za viwango tofauti, rangi hakuna. Jon Cone naye ana mfumo wake wa Piezography kwa njia hiyo hiyo. Kaboni haiogopi jua, na kijivu kilichotokana na kitu kimoja hakigeuki kijani chini ya taa. Ningekuwa na printa mbili, moja ningeifanya hivyo. Lakini hii moja asubuhi inachapisha picha za pasipoti, na msimu wa harusi inalipa kodi ya chumba.

Pwani inaitendea vipi? Unyevu kwa kweli unaisaidia. Matundu ya kichwa yanayotema wino hayakauki haraka kama wanavyolalamika wenzetu wa bara penye hewa kavu. Karatasi ndiyo inayoteseka. Nazihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na naitoa ile ya kuchapisha tu. Kukatika kwa umeme ndiko kunakonitia hofu, kwa sababu printa inapaswa kuzimwa kwa kitufe chake ili kichwa kirudi kwenye maegesho na kufunikwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi kinabaki wazi kilipo. Nimenunua betri ndogo ya kuishikilia dakika chache, kwa kusudi hilo tu. Na kila siku ambayo sina kazi nachapisha kitu kidogo chenye rangi zote, walau ua.

Kwa anayetaka mpya: L805 imeshapisha njia kwa L8050, ambayo nayo ina rangi sita zile zile na haina kijivu, kwa hiyo yote niliyosema yanaihusu. Ningekuwa nanunua mpya leo kwa ajili ya nyeusi na nyeupe ningeiangalia Canon G640, kwa sababu miongoni mwa chupa zake sita kuna ya kijivu. Zile Canon za matangi manne zinazouzwa kama za ofisi, zenye nyeusi ya pigmenti, ni nzuri kwa barua na mitihani. Lakini ukitia karatasi ya glosi nyeusi ile hukaa kando, na weusi wa picha unapikwa kwa rangi tatu. Unaona.

Na anayetafuta mkono wa pili kama mimi, mwambie muuzaji awashe, achapishe ukurasa wa kuangalia matundu mbele yako. Tazama hasa mistari ya sayani hafifu na majenta hafifu, ambayo ni hafifu, haionekani kirahisi, na ndiyo itakayochora nyuso zote. Ikiwa na mapengo, na baada ya kusafishwa mara moja mapengo bado yapo pale pale, iache. Uliza pedi inayonyonya wino wa taka ilibadilishwa lini, maana wapo wanaofuta hesabu yake kwa programu na kuiacha pedi imejaa, na siku moja utaukuta wino mezani. Tazama mirija, iwe imejaa, isiwe na vipande vya hewa. Mkikubaliana bei, ibebe kwa tuktuk, imekaa wima mapajani kwako. Bodaboda wataiweka ubavu.